Bawabu wa Seva Mbili

Mume wangu alikuwa Unguja, mimi nilikuwa London, na kila aliponiuliza kazi yangu hasa ni kazi gani nilimpa jibu jingine. Mara natengeneza kompyuta. Mara nalinda kompyuta. Siku moja nikajaribu kumweleza kweli yenyewe, kwamba naandika sheria za kuizuia kompyuta isifanye jambo ambalo halikuruhusiwa, hata kama anayetaka lifanyike ni yule yule aliyeiwasha. Akasema, "Sasa bibi wee, si muizime tu?" Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu bosi wangu naye alisema hivyo hivyo, na yule alikuwa akilipwa ili ajue.

Kampuni ilikuwa Hayes, kwenye barabara ya maghala karibu na uwanja wa ndege. Tulifuatilia mizigo: sanduku lipi limeingia, lipi limetoka, lipi limepotea na mwenyewe anapiga kelele. Hesabu zote hizo zilikaa kwenye seva mbili zilizofungwa pamoja kwa programu ya klasta. Klasta si kitu kigumu. Seva moja inafanya kazi, ya pili inakaa inaitazama. Ya kwanza ikifa, ya pili inaichukua kazi palepale, na mtu wa ghalani hajui hata kama kuna kilichokufa. Hapo nilikuwa naelewa vizuri kabisa. Kizaazaa kilianza mteja wetu mkubwa alipotaka seva zile zitiwe ulinzi wa lazima.

Ulinzi huo mimi niliupa jina la bawabu. Kwenye kompyuta ya kawaida mwenye faili ndiye anayempa ruhusa amtakaye, na msimamizi mkuu, yule anayeitwa root, haulizwi kitu na mtu. Bawabu hana habari na hayo. Kila programu ina kitambulisho chake, kila faili lina alama yake, na sera imeandikwa: kitambulisho hiki kiguse alama ile, basi. Lisiloandikwa ni marufuku. Huombi, hubembelezi, humwambii mimi mtoto wa fulani. Miaka ile mabingwa wengi wa kompyuta niliowajua walikuwa wakimzima bawabu siku ile ile wanayoinunua seva, na ukiwauliza kwa nini, wanakwambia ana balaa.

Klasta na bawabu hawapatani hata kidogo. Kazi ya klasta ni kuingia kila mahali: inaua programu, inafufua programu, inashika diski, inaachia diski. Kazi ya bawabu ni kumzuia mtu wa namna hiyo. Na mimi ndiye niliyeambiwa niandike sera ya kuwaweka nyumba moja wakae kwa salama.

Nilikuwa na mkataba wa muda, na huo mkataba wa muda ndio ulionila roho. Nilikuja London kusoma nikiwa na mimba changa. Nikajifungua huku, masomo nikamaliza, kazi nikapata, na mume wangu alikuwa bado hajamtia mtoto wake machoni ila kwa picha. Aliomba kuja, akakataliwa. Akaomba tena, akakataliwa tena, na mara zote mbili sababu ilikuwa ni hiyo hiyo: kazi ya mke si ya kudumu. Binti yetu alishafika umri wa kwenda nasari. Bosi akaniambia, klasta ikihama seva hadi seva mbele ya mteja huku bawabu yuko macho, nakupa mkataba wa kudumu. Isipohama, mkataba wako ukiisha umeisha. Hakuusema kwa ubaya, alikuwa Mwingereza mpole tu, anakunywa chai yake. Nami nikaitikia, "Sawa."

Sera huandikwa hivi. Unamwambia bawabu, leo usimzuie mtu, lalamika tu. Unaiwasha programu, inafanya kazi zake, na bawabu anaandika kwenye logi, daftari lake, malalamiko yake yote: fulani kagusa hiki, fulani kachungulia kile. Unayasoma moja moja, unaamua lipi ni haki yake na lipi ni utundu, unaandika ruhusa, unarudia. Kama mtu anayemwonyesha mfanyakazi mgeni nyumba: huyu ni ami, mwache apite, huyu muuza mazulia, usimfungulie. Nilifanya hivyo wiki kwa wiki. Nilikuwa nasoma malalamiko kwenye treni kutoka Thornton Heath hadi Victoria, nashuka chini ya ardhi nayo, natokea Paddington nayo, mpaka naota bawabu ananilalamikia mimi.

Kisha unamtia ukali, azuie kweli, unajaribu. Hapa lazima niseme tulivyokuwa tukijaribu pale kazini. Kuihamisha klasta kwa kweli kulikuwa na maana ya kuwakatia watu wa ghala kazi dakika kadhaa, na wale watu wa ghala walikuwa na midomo! Kwa hiyo sote tulikuwa na mazoea yetu. Hatuigusi klasta. Mtu anaingia kwenye seva ya akiba, ile ya pili, kwa cheo cha root, anachukua ile hati ndogo ya amri ambayo klasta ingeiendesha siku ya msiba, anaiendesha kwa mkono wake mwenyewe, kwenye diski ya majaribio iliyofungwa mle mle. Ikishika diski, ikiwasha programu, basi mambo sawa, tunakwenda kula. Mimi nikafanya vivyo hivyo, bawabu akiwa mkali. Ikashika. Nikarudia kesho yake, ikashika. Nikamwambia bosi tayari, na jioni ile nikapika wali wa nazi kama mtu mwenye harusi.

Tukafanya mazoezi kabla ya siku ya mteja. Bosi mwenyewe akaenda akachomoa waya wa umeme wa seva ya kwanza. Seva ya pili ikatakiwa ichukue kazi.

Haikuchukua. Tukaitazama, nayo ikatutazama. Simu za ghalani zikaanza kulia, bosi akarudisha waya, mambo yakakaa sawa.

Nikamzima bawabu, tukarudia: ikahama, laini kabisa. Nikamwasha bawabu: ikagoma. Nikaiendesha ile hati kwa mkono, bawabu yuko macho vile vile: ikakubali! Nikaenda kwenye logi kusoma amelalamika nini, nikakuta hakuna kitu. Hakuna hata mstari mmoja. Loh! Huyu bawabu aliyenichosha kwa malalamiko wiki zote zile, leo amekataa na hasemi kama amekataa. Ukimwuliza, kimya. Kwa mkono inakubali, kwa klasta inagoma, na sera ni ile ile, diski namna ile ile, hati ni ile ile herufi kwa herufi. Nilizilinganisha hati za seva zote mbili kwenye kioo cha kompyuta mpaka macho yakafanya ukungu. Nikaanza kudhani ni mimi nimerogwa.

Siku zilizofuata sikuelewa kitu. Nilisoma mwongozo, nikaelewa kila neno lake na nisielewe unasema nini. Niliandika kwenye mtandao kuuliza, mtu mmoja akanijibu nimzime bawabu. Nikaongeza ruhusa kwa kubahatisha, nikaziondoa, nikazirudisha. Bosi akaja mezani kwangu na kikombe chake. "Mteja anakuja Alhamisi," akasema. "Ikifika Alhamisi haihami, namwambia mteja haiwezekani, na tutaagana." Nililia kwenye treni, wallahi, mchana kweupe. Raha ya London ni kuwa hapana anayekuuliza, na karaha yake ndiyo hiyo hiyo.

Jumanne treni ikasimama njiani. Saa ya kumchukua mtoto nasari ikafika nami bado niko juu ya reli, nikampigia jirani yangu wa chini anichukulie. Huyu alikuwa mama wa Kikongomani, wa Bukavu, mtu wa kanisa, anafanya usafi maofisini alfajiri na mchana yuko nyumbani. Alimpenda binti yangu kupita kiasi. Siku nyingi nilipokuwa na nafasi tulikwenda pamoja kumchukua, sisi wawili, na yeye ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo vya koti huku walimu wakimsalimia na kumsifia kitambaa chake cha kichwa. Kwa hiyo sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Nikafika mbio, natweta, nikamkuta amesimama nje ya geti peke yake, kitambaa kimelowa mvua na uso umevimba kwa hasira.

"Dada, banakataa!" akanipokea kwa sauti, kwa Kiswahili cha kwao. "Banakataa kabisa! Hii batu banajua miye, kila siku ninafika hapa na weye, banacheka na miye, hello, hello. Leo banafunga mulango sawa miye ni mwizi wa batoto!"

Nikamwambia pole, pole mama, nikabonyeza kengele. Mwalimu akatoka na binti yangu kwa mkono, hana habari, anakula tufaha. Nikamwuliza mwalimu kwa ukali kidogo, huyu si mnamjua?

"Tunamjua akiwa na wewe," akanijibu, na uso wake wala haukuwa mbaya. "Peke yake hayumo kwenye wanaoruhusiwa."

"Basi hata kunipigia simu?"

"Kila siku anakuja shangazi wa mtu, au jirani wa mtu. Tukimpigia kila mzazi, hatufanyi kazi."

Jirani alifikiri nakusanya matusi, akasogea anisaidie. Lakini mimi nilikuwa nimekwama kwenye maneno yale: tunamjua akiwa na wewe. Kila nilipoijaribu ile hati niliipeleka mlangoni mimi mwenyewe, nimeishika mkono. Ile sera tuliyoanzia, iliyokuja na seva, ilikuwa imemwandikia ruhusa zote mtu aliyekaa kwenye kibodi. Chochote atakachokiendesha kwa mkono kinapita kwa kitambulisho chake yeye. Hati ilipita kwa sababu ilikuwa na mimi. Klasta ilipoituma peke yake ilikuwa ni mtu mwingine kabisa, wa nje ya geti, amelowa. Na hayo nilikuwa nayajua! Niliyasoma mwanzo kabisa, nikayapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Sikuelewa vipi mtu anaweza kujua jambo na akawa halijui, na bado sielewi.

Nikaanza kucheka pale pale kwenye mvua. Jirani yangu akanikasirikia na mimi. Ilibidi nimpandishe kwangu, nimpe chai ya tangawizi na sambusa, nimwombe radhi kwa niaba ya Waingereza wote, ndipo akatulia. Wiki ile ile nikamwandikisha nasari, kwenye orodha ya wanaoruhusiwa.

Asubuhi ya Jumatano nilifika Hayes kabla ya bosi. Safari hii sikuigusa hati kwa mkono wangu. Nikawapigia watu wa ghala, nikawaambia leo mtanitukana, nitukaneni, na nikaiacha klasta yenyewe ihamishe kazi. Kabla ya hapo nikatafuta kwenye mwongozo jambo la pili alilonipa yule mwalimu bila ya kujua, nalo lilikuwamo: bawabu naye ana watu ambao huwakataa bila ya kuandika, kwa sababu wanakataliwa kila saa na kuandika kwenyewe ni kelele. Kuna amri ya kumwondolea ukimya huo. Nikampa. Mawee! Logi ilimwagika kama gunia la mchele limepasuka. Nikapekua, nikapekua, nikauona mstari wangu: kitambulisho cha klasta, alama ya diski ya pamoja ya seva zote mbili, amekataliwa. Siku zote zile alikuwa akikataliwa kwenye diski ile, kwa kimya, pamoja na wachunguliaji wengine wasio na shughuli.

Nikaandika ruhusa moja, ya diski ile tu. Shetani aliniambia nimfungulie klasta milango yote nipumzike, nikamkatalia. Nikaijaribu: ikahama. Nikairudisha: ikarudi. Nikaijaribu mara ya tatu: ikagoma.

Nikakaa chini kwenye sakafu ya chumba cha seva, kwenye baridi ile ya viyoyozi. Nikasoma logi, safari hii yote iko wazi, hakuna aliyekataliwa. Nikajaribu tena bila ya kubadilisha hata nukta: ikahama. Tena: ikahama. Ile moja iliyogoma iligoma kwa nini? Sijui. Mpaka leo sijui, na nimeshaulizana na watu wenye vichwa vikubwa kuliko changu. Watu wa ghala wakapiga simu wakanitukana kama nilivyowaahidi, nikawaambia ahsanteni.

Kwa hiyo Alhamisi mteja alipokuja sikuwa na uhakika, na yeyote atakayesema nilikuwa nao muongo. Mteja mwenyewe alikuwa mama mmoja mtu mzima, mfupi, mkimya. Akauliza swali moja tu, kama bawabu yuko macho. Nikamwonyesha kwenye kioo yuko macho na mkali. Bosi akaenda akachomoa waya. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza nikisoma kimoyomoyo kila dua niliyofunzwa utotoni kwenye chuo cha Kurani. Nilimfikiria mume wangu amekaa barazani kwao, hajui kwamba kwenye chumba kimoja cha Hayes kuna waya umechomolewa, na yeye yumo mwishoni mwa waya huo. Kioo kikatulia. Kikatulia sana. Kisha seva ya pili ikashika diski, ikawasha programu, na simu za ghalani hazikulia.

"Haya," bosi akasema, akaenda kuchemsha chai.

Alinipa mkataba wa kudumu kama alivyoahidi. Mume wangu akaomba mara ya tatu, na safari hii wakamkubali. Sikuelewa kwa nini mtu yule yule, ndoa ile ile, mapenzi yale yale, yawe hayafai mara mbili na yafae ya tatu, lakini sikuuliza. Nilikuwa nimeshajifunza kutouliza pale inapokubali.

Alifika Heathrow Jumapili asubuhi. Afisa alimwuliza maswali mawili matatu, akampigia muhuri, akapita. Nilipomwona anatoka anasukuma begi, amekonda, amevaa koti la kuazima, nilipiga ukelele watu wakageuka. Binti yangu alijificha nyuma ya sketi yangu. Nikasema ni aibu ya kitoto, itapita.

Nyumbani nikawapakulia pilau. Mume wangu anamtazama mtoto, anakula, anamtazama tena, machozi yanamlenga. Mtoto naye anamtazama, hali. Kisha akanivuta jikoni, akaniuliza kwa Kiingereza chake, yule mtu ataondoka saa ngapi?

"Yule ni baba," nikamwambia. "Baba yako, amekuja."

Akanitikisia kichwa kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mtoto. Baba yuko kwenye simu, akasema. Na leo Jumapili, mbona hatumpigii?

Mume wangu alisikia. Kiingereza chake kilikuwa cha skuli, lakini hilo alilielewa. Aliweka kijiko chini. Nilitamani ardhi ipasuke. Tulihangaika miaka kwa maofisa, kwa mikataba, kwa mashine, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuomba kwa huyu. Mume wangu akainuka, akachukua simu yangu ya mkononi mezani, akatoka nje, akaufunga mlango nyuma yake.

Simu ya nyumba ikalia. Mtoto akaruka. "Baba!" Akaanza kumwaga habari zake kama kila Jumapili, rangi mpya alizopewa nasari, goti lililochubuka, na kwamba leo kuna mtu hapa nyumbani kwetu, na mama amempa pilau. Nilimsikia mume wangu mara mbili, kwenye simu na nyuma ya mlango, akijitahidi sauti isimvunjike.

"Na mimi nikija," akamwuliza, "utanifungulia mlango?"

Wewe ndiyo, akamwambia, njoo hata sasa hivi. Lakini yule mtu aondoke kwanza.

"Haya, mwanangu," akasema. "Nitamwambia aondoke."